Kuku wa Jentrix

Senge Rispah alikuwa na macho mawili tu kama watu wengine, lakini jamaa yote ya Mzee Festus Wabwile hapo Misikhu iliyategemea kuliko miwani ya mchungaji. Msichana wa jamaa hiyo akiposwa, shangazi huyu ndiye aliyetumwa kwenda kuiona nyumba ya mwanamume kabla ng'ombe hawajatajwa. Alikwenda, akala, akatazama paa, akanusa mtungi wa maji, akasalimia kila mtu mkono kwa mkono, kisha akarudi na jibu. Kuna mwalimu mmoja wa Webuye aliyekosa mke kwa sababu mbwa wake alijikunja mgeni alipoinua mkono kujikuna. Senge alirudi akasema, "Huyo mbwa anapigwa," na habari ikaishia hapo.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya Kamukuywa, kwa akina Eliakim Walubengo. Senge alirudi mchana, akaingia jikoni moja kwa moja, akajitupa kwenye kigoda. Lenah, mke wa Mzee Festus na mama yake Wilkista, binti aliyeposwa, alikuwa akichambua kunde. Wilkista naye alikuwa na kunde mkononi, ila jani lile lile alikuwa akilichambua tangu asubuhi.

"Lenah, nipe maji. Ya miguu, si ya kunywa. Ya kunywa nimenyweshwa huko mpaka nikaogopa."

"Sema basi, wifi."

"Ngoja nikae. Kwani wewe ndiye unayeolewa?" Alitia miguu kwenye karai, akafumba macho. "Nyumba ni ya mabati. Baba ni mtu wa kanisa. Mama anacheka bila kufunika mdomo, hiyo nimeipenda. Mbwa ni mnene, alinilalia miguuni."

"Na kuku?"

Senge alifumbua macho. Hapo ndipo kazi yake hasa ilipokuwa. Kuku anayeandaliwa wakwe hupelekwa mezani mzima, vipande vyote, na kikikosekana kimoja basi wageni wamedharauliwa. Kuna posa zilizovunjika kwa ajili ya firigisi iliyopotea njiani kutoka jikoni.

"Kamili," alisema polepole, kama mtu anayesoma neno la Mungu. "Mapaja, mabawa, kidari, shingo, firigisi, mpaka miguu. Niliangalia kipande kwa kipande. Hao ni watu wa heshima."

"Na watoto?"

"Wawili. Huyo Eliakim wenu, na mdogo wake yuko shule. Wamenyooka kama mikaratusi. Nikauliza, hawa ndio wote? Mama yao akasema ndio wote. Nikawasalimia mkono kwa mkono, nikamaliza nyumba nzima."

Jani la kunde lilikatika vidoleni mwa Wilkista.

"Na wewe umenyamaza nini?" Senge alimsukuma kwa kiwiko. "Ama umeshaanza haya za mkwe? Cheka bana. Nyumba imepita."

Wilkista alicheka. Kicheko hicho alikisikia kana kwamba kinatoka chumba cha pili.

Maana watoto wa nyumba ile hawakuwa wawili. Nyuma ya Eliakim alifuata Jentrix, msichana mkubwa, mwenye mikono inayokwenda inakotaka, miguu isiyombeba na ulimi unaochelewa nyuma ya akili. Wilkista alikuwa mwalimu wa shule ya misheni hapo Kamukuywa, na kila alasiri, watoto wa madarasa wakishakwenda nyumbani, alifundisha kusoma na kuandika vijana wachache waliozaliwa na viungo kama hivyo. Kati yao wote Jentrix ndiye aliyekuwa mbele. Na ni kwa sababu yake Wilkista alimjua Eliakim, fundi seremala, aliyemleta dada yake kwa wilbaro, akamuundia kiti chenye mikanda ya kumshikilia kifuani. Baada ya hapo fundi huyo hakukosa sababu ya kubaki. Kiti kile kilirekebishwa mara nyingi kuliko barabara ya Kitale.

Angeweza kusema palepale, miguu ya Senge ikiwa bado kwenye maji. Lakini alimjua baba yake. Mzee Festus angesema neno moja tu, damu, yaani ukoo wenye kasoro, na neno hilo kwake lilikuwa mlango na kufuli lake. Akinyamaza, angeolewa na mtu aliyemtaka mpaka usingizi ukamhama. Ni kunyamaza tu, wala si kusema uongo. Wengine ndio waliosema uongo.

Jumapili aliimba kanisani bila kujisikia sauti.

Jumatatu alasiri alikuwa kwenye stoo ya kanisa waliyopewa kwa darasa. Alisikia gurudumu la wilbaro mbali, likilia kwii, kwii, njia yote kutoka sokoni. Siku zote mlio huo ulimfanya ajipanguse chaki usoni. Leo aliuacha uso na chaki yake.

Eliakim aliingia akimbeba Jentrix mikononi, akamkalisha kitini, akafunga mikanda. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyesikia kwamba nyumba yake imepita.

"Mwalimu, hujambo? Naona leo hata salamu inanunuliwa."

"Sijambo. Kaa hapo nje kwanza, nina kazi."

Alianza na Cheruiyot, kijana wa kutoka Saboti aliyekaa na mjomba wake pale sokoni. Miguu ya Cheruiyot ilipishana kama makasi na maneno yake yalitoka moja moja, lakini kila moja lilikuwa limepimwa. Alimpa mistari ya kusoma. Kisha akamgeukia Jentrix, akamlazia ubao kwenye mikono ya kiti, akafunga chaki ndani ya ngumi yake kwa utepe wa kitambaa, na juu ya mkono akaweka kifuko cha wimbi. Uzito wa wimbi ulituliza ule mtetemo. Jambo jingine alilijua kwa kukosea sana, kwamba Jentrix hatazamwi mkono. Ukiutazama mkono wake, unaruka, unapiga ukuta, unapiga mtu. Ukimtazama usoni, ukamngojea kama unayengoja mtu amalize kufikiri, mkono unarudi kwa mwenyewe. Hiyo ikawa sheria ya darasa. Mtu akiandika, wengine wote macho usoni pake au dirishani.

Alimaliza kufunga utepe, akaenda mlangoni.

"Eliakim. Jumamosi Jentrix alikuwa wapi?"

Tabasamu lilibaki mdomoni lakini machoni lilizimika. "Nyumbani."

"Nyumbani wapi? Senge amesalimia nyumba nzima."

Eliakim alivua kofia, akaiangalia ndani, kana kwamba jibu limeshonwa humo. "Ghalani. Nilimtandikia blanketi. Ilikuwa mchana mmoja tu, Wilkista."

"Mama yako ndiye alisema hawa ndio wote."

"Nilimwomba aseme. Alikataa, nikamwomba tena." Aliinua macho. "Sasa wewe niambie, Senge angemwona angerudi kusema nini? Baba yako angeuliza nini?"

"Angeuliza damu."

"Si unaona."

"Na jibu unalijua. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu huko Kitale, mama yako akiwa peke yake kwenye kambi. Alichelewa kutoka, akachelewa kulia. Daktari wa Kitale mwenyewe aliwaambia kichwa kilikosa pumzi. Hiyo si damu ya mtu. Ungemwacha baba aulize, nami ningejibu."

"Ungejibu, na angekataa." Sauti yake ilishuka. "Nilifanya kwa ajili yetu. Nikikukosa wewe, mimi nitashika randa na kufanya nini nayo? Nimekaa kwenye hii baraza misimu miwili nikitengeneza kiti ambacho hakijaharibika. Unadhani ni kwa ajili ya mbao?"

Wilkista alishika mwimo wa mlango. Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja misimu hiyo miwili, na yalikuja siku asiyoweza kuyapokea. Alimtazama, naye akamtazama, na kwa muda hapakuwa na ghala wala Senge, ila vumbi la mbao kwenye nyusi za mtu anayempenda. Alitamani kunyoosha kidole alipanguse.

Aliweka mikono nyuma.

"Nikuulize moja. Tukioana, tukapata mtoto, naye akachelewa kulia. Lile ghala litakuwa na nafasi?"

Eliakim aliikunja kofia mikononi.

Kutoka ndani Cheruiyot alisema, neno baada ya neno, "Mwalimu... tuzibe masikio... ama... tuendelee... kusikiliza?"

Kabla hajajibiwa, Jentrix alianza kugonga ubao kwa ngumi. Ndiyo alama yake ya kusema nyamazeni, naandika. Wilkista aliingia ndani, na Eliakim akamfuata. Kwa sheria ya darasa wote walimtazama usoni. Shingo ilijipinda, mdomo ukakaza, jasho likatoka juu ya midomo. Chaki ilikwaruza, ikaruka, ikarudi. Kwa muda huo chai ingechemka na kupoa. Mwishowe akatoa sauti ya kumaliza, nao wakainama kusoma. Herufi zilikuwa kubwa, zimelaliana kama ng'ombe kwenye zizi dogo.

KUKU YANGU WAPI

Cheruiyot alicheka. Jentrix naye alicheka, kichwa nyuma, kwa ile sauti yake nzito, maana alikuwa mtu wa mzaha tangu utotoni. Lakini chozi lilikuwa likishuka upande mmoja wa shavu, na mkono wa kulifuta haukumtii.

Eliakim alikaa chini, sakafuni.

"Hamkumpelekea chakula," Wilkista alisema.

"Kuku alikwenda mzima kwa wageni." Alisema akiutazama ubao. "Nilisema nitampelekea ugali. Halafu Senge akaanza hadithi zake, watu wakacheka, mimi nikacheka. Nilidhani amelala. Ghala ni karibu na meza, Wilkista. Alisikia yote."

Jentrix aliinua macho juu, jinsi anavyosema ndiyo.

Eliakim alipiga magoti mbele ya kiti, akamfuta dada yake shavu kwa kofia. Hakusema nisamehe. Kuna watu hawana neno hilo mdomoni, wanalo mikononi. Lakini Wilkista aliona mikono peke yake haitoshi.

"Jumamosi wazee wenu wanakuja kwetu Misikhu kuzungumza ng'ombe," alisema. "Mkija nyumba nzima, njooni. Mkija pungufu, nitasimama mbele ya baba niseme mwenyewe aliyebaki ni nani. Baada ya hapo usinitafute."

"Na wakinikataa?"

"Watakuwa wamekukataa wewe. Sasa hivi wamemkubali mtu ambaye hata mimi simjui."

Alimfungua Jentrix utepe ngumini. Akaukunja, akautia mfukoni. Wiki hiyo wilbaro haikuja tena, na darasani Cheruiyot hakuuliza kitu, jambo lisilo la kawaida yake.

Jumamosi wageni walitokea njiani kati ya migomba. Msichana anayeposwa haonekani mpaka aitwe, kwa hiyo Wilkista alichungulia kupitia tundu la ukuta wa jiko. Aliwaona wazee na fimbo zao. Aliona baba yake Eliakim, na mama yake ambaye leo hakucheka. Walikaribishwa, wakakaa chini ya kivuli cha nyumba, wakitazamana na Mzee Festus na Senge Rispah. Eliakim hakuwepo. Nyuma yao njia ilikuwa tupu.

"Kijana wenu yuko wapi?" Mzee Festus aliuliza.

"Anakuja, mkwe. Basi limemwacha nyuma kidogo."

Wilkista alivua leso ya jikoni, akaikunja, akaiweka juu ya kigoda. Aliikunja tena. Mama yake alimtazama bila kuelewa. Miguu ilikuwa mizito kama imefungwa mifuko ya wimbi, lakini alishaanza kuielekeza nje, huku akitafuta maneno ya kumwambia baba yake.

Ndipo aliposikia. Mbali, chini kwenye kijito, likipanda mlima, kwii, kwii.

Aliegemea mlango. Mlio ule haukuwa na haraka. Ulipanda, ukanyamaza pale penye mawe, ukaendelea. Hatimaye Eliakim akatokea, shati limemganda mgongoni, na ndani ya wilbaro alikuwa Jentrix, amefungwa kwenye kiti kipya chenye mikanda, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani.

Mazungumzo yalikatika. Mzee Festus alimtazama yule msichana, shingo inavyojipinda, mkono unavyoelea hewani.

"Huyu ni nani?"

Eliakim alivua kofia. "Ni dada yangu, Mzee. Anaitwa Jentrix. Siku Senge alipokuja nilimficha ghalani. Si mama, ni mimi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kumkosa Wilkista."

"Na sasa huogopi?"

"Sasa naogopa zaidi, Mzee."

Mzee mmoja alikohoa. Mama yake Eliakim alijifunika uso, akasema ndani ya viganja, "Nilaumuni mimi pia, ulimi ulikuwa wangu. Nilimzaa Kitale, peke yangu. Alichelewa kulia. Kila siku nasikia vile alichelewa."

Mzee Festus alimtazama tena Jentrix. Neno lile alilozoea kulisema, damu, hakulisema.

Senge Rispah ndiye aliyesimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya kanisa.

"Nilikula kuku wako, kijana."

"Ndiyo, Senge."

"Nikaangalia vipande."

"Ndiyo, Senge."

"Nikarudi hapa nikamwambia ndugu yangu nyumba ni kamili. Mimi. Rispah." Alikaza leso. "Toka hapo mbele yake."

Eliakim alisogea. Senge alitembea mpaka kwenye wilbaro, akanyoosha mkono wa salamu, macho yake makali yakiwa kwenye mkono wa Jentrix. Mkono ukaruka. Ukapiga hewa, ukapiga kiti, ukamkwaruza Senge kwenye leso. Mtu mmoja kwenye viti alivuta pumzi. Senge alirudi hatua nyuma, na Wilkista akaona jinsi mambo yatakavyoishia, palepale, kwa mkono mmoja usiotii.

Alitoka nje. Hakuitwa, na wazee walimwona, na baba yake alimwona.

"Senge, usiutazame mkono," alisema taratibu. "Mtazame yeye. Halafu ngoja."

Senge Rispah hakuwa mtu wa kungoja. Lakini aliinua macho, akamtazama Jentrix usoni, na huko akakuta jambo ambalo hakulitegemea, kwamba naye anatazamwa, kipande kwa kipande, na macho makali kama yake. Alingoja. Kuku walichakura kando ya zizi. Jasho lilimtoka Jentrix juu ya midomo. Mkono ukaja ukizunguka, kama ndama anayemtafuta mamaye kwenye kundi, ukapotea, ukarudi, ukatua ndani ya kiganja cha Senge, na vidole vikafunga.

"Mulembe," Senge alimsalimia.

Sauti iliyojibu ilikuwa nzito na ndefu, lakini kila aliyekuwa pale alisikia kwamba ni mulembe.

Lenah alikuwa ametokea jikoni na bakuli la wageni, akasimama hajui aliweke wapi. Senge alilichukua mikononi mwake. Kwa mazoea aliangalia ndani, akahesabu kwa midomo. Kisha akachomoa paja, akakaa kwenye ukingo wa wilbaro, akaanza kulichambua nyuzi ndogo ndogo na kumlisha Jentrix.

"Rispah," Mzee Festus alisema. "Huyo ni kuku wa wakwe. Sasa umemfanya pungufu."

"Acha awe pungufu. Yule wa kwao alikuwa kamili, na akanidanganya." Alimpangusa Jentrix kidevu kwa pindo la leso yake mwenyewe. "Ng'ombe hawatajwi leo. Jumamosi narudi Kamukuywa. Ile nyumba bado sijaiona."

Mzee Festus aliutazama mkono wa dada yake ulivyokuwa ukifanya kazi. "Nenda basi," alisema. "Uione vizuri."

Hawakupewa neno zaidi ya hilo. Wazee walikula, wakashukuru, wakachukua fimbo zao. Eliakim alipoinama kushika mikono ya wilbaro alimtazama Wilkista juu ya kichwa cha dada yake. Hakutabasamu. Alimtazama tu, kama mtu anayesimama mlangoni kwake baada ya safari, bado hajui kama atafunguliwa. Wilkista alinyoosha kidole, mbele ya watu wote, akampangusa vumbi kwenye nyusi.

Walishuka kuelekea kijito, na gurudumu likaanza tena, kwii, kwii, kati ya migomba. Wazee waliokuwa mbele walisikika wakimlaumu. Fundi mzima, hawezi kutia mafuta gurudumu moja?

Wilkista alisimama akilisikiliza mpaka likaisha. Yeye alijua kwa nini fundi hatii mafuta. Alitaka mtu fulani asikie mapema kwamba wanakuja.